Kaburi la Baba Liko Chini ya Mwembe

Barua za wasomaji. Anajibu Afisa Mteule mstaafu, Jang'ombe, Unguja.

SUALI

Assalaam alaykum, Mzee wetu. Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Baba yangu alifariki Ramadhani ya mwaka juzi, tukamzika siku ile ile baada ya Alasiri kwenye mava ya ukoo, chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka walipolala babu na bibi. Baba alikuwa mgambo. Alipelekwa vitani, Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, mwanzoni mwa 1979, akarudi na kovu begani. Karatasi zake zililiwa na mchwa, tumebakiwa na picha moja amevaa kofia ya chuma. Siku ya mazishi hakuja askari hata mmoja, wala bendera. Leo ukipita pale hujui kama amelala mtu aliyekwenda kupigana. Mvua za masika zimelititisha kaburi na magugu yamefika magotini.

Ndugu yangu anayeishi Marekani ananiambia kule majimbo mengi yana makaburi ya askari wastaafu yanayosimamiwa na serikali, majani yamekatwa, kila mtu na jiwe lake lenye jina. Kwa nini na sisi Zanzibar Serikali isianzishe makaburi kama hayo? Na yakianzishwa, tutaweza kumhamishia baba?

Mwalimu, Wete, Pemba

JAWABU

Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako na alipe nuru kaburi lake. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisoma kwa sauti barazani, wazee wenzangu wakanyamaza mpaka nikamaliza, na mmoja wao, niliyevuka naye mto Kagera vitani, akainuka akaenda zake bila kuaga.

Naanza na suali lako la mwisho, maana hilo likikosewa halirekebishiki. Baba yako mwacheni hapo alipo. Sisi watu wa visiwa hivi wengi wetu ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na wanazuoni wake wanakataza kumfukua maiti aliyekwishazikwa ila kwa dharura. Siku ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, jamaa walianza kuwabeba watu wao kuwarudisha Madina wakawazike makwao, ikatoka amri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, warudishwe wakazikwe pale pale walipoangukia. Najua atatokea mtu akuambie kwamba sahaba Jabir alimtoa baba yake kaburini baada ya miezi sita. Ni kweli, lakini baba yake alikuwa amezikwa shimo moja na mtu mwengine, na nafsi ya Jabir haikutulia. Baba yako yuko peke yake, kwao, karibu na mama yake. Hana dhiki ya mahali. Kilichopungua ni jambo jengine, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu limenikaa kifuani tangu 1979.

Mimi vitani nilikuwa karani wa kombania. Nilibeba bunduki kama wengine, lakini mzigo wangu hasa ulikuwa taipureta na sanduku la karatasi. Kila jioni nikikusanya majina: nani mzima, nani mgonjwa, nani amejeruhiwa, nani hayupo. Tuliingia jeshini 1976 pamoja na kijana mmoja wa Makunduchi, tukawa kama ndugu wa tumbo moja. Tukipata likizo nilikuwa silali kwetu Jang'ombe ila usiku mmoja, wa pili niko Makunduchi, mama yake ananiwekea pweza wa nazi na kuniuliza kama mwanawe anasali. Mwezi wa Machi 1979, kwenye barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, kijana huyo akauawa. Taarifa yake niliipiga mimi, usiku, chini ya turubai, kandili nimeifunika kwa shati ili mwanga usionekane mbali. Jina lake na la baba yake niliyaandika sawa. La babu yake lilikuwa Ame. Vidole vyangu vikaandika Amour.

Barua ikafika Makunduchi. Mama akasomewa, akasema: huyu si mwanangu, mwanangu ni wa Ame. Wakaja wazee, akaja sheha, hakukubali. Miezi saba alimpakulia chakula kila jioni na kukifunika kawa. Niliporudi Unguja ndipo nilipokwenda mwenyewe, nikakaa juu ya mkeka mbele yake, nikamwambia kwamba herufi zile ni zangu. Hakunilaumu. Alifunua kawa akanipa kile chakula nikile mimi. Haki zake nazo zilizungushwa miaka miwili, kila ofisi inasema jina la huku haliwiani na jina la kule. Niliandika barua ya masahihisho mara tatu.

Mwaka 2011 nikapata safari ya Bukoba kwenye harusi ya mtoto wa mwenzetu mmoja. Nilipomaliza kula pilau nilipanda basi, nikashuka wilaya ya Muleba, nikaenda Kaboya. Huko ndiko kwenye makaburi ya jeshi ya Vita vya Kagera. Wamelala zaidi ya 600, wa dini zote na wa mikoa yote, na pana mnara mweupe ulioandikwa majina. Nilipita kidole mstari kwa mstari. Nilipolifikia jina lake, la tatu lilikuwa Ame. Nikakaa chini nikasoma Yasin, nikashindwa kuimaliza. Mama yake alikuwa keshafariki tangu 1998. Kutoka Makunduchi mpaka pale ni zaidi ya kilomita 1,000, na yeye maisha yake yote hakuvuka bahari zaidi ya mara mbili.

Basi tazama, mwanangu. Yule mama alikosa kaburi, ila jina limehifadhiwa kwenye jiwe la Serikali. Wewe kaburi unalo, unaweza kwenda kila Ijumaa ukamwombea, lakini jina la baba yako kama askari halipo popote. Kwa hiyo nikiulizwa Zanzibar ianze na nini, sisemi kiwanja. Nasema daftari.

Sijasema hivyo kwa kudharau kiwanja. Chukua boti pale Forodhani, baada ya muda mfupi uko Chapwani, kile kisiwa ambacho wageni wanakiita kisiwa cha makaburi. Wamelala mabaharia wa Kiingereza wa manowari Pegasus, iliyoshambuliwa na meli ya Wajerumani Königsberg hapa hapa bandarini Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado majina yao yanasomeka, kwa sababu nchi yao ilianzisha mwaka 1917 tume ya kutunza makaburi ya vita na ikaendelea kuilipa. Tume hiyo kanuni yake ni nzuri: jenerali na kuruta jiwe lao ni la namna moja. Lakini katika vita vile vile, wabeba mizigo na askari Waafrika walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, wale ambao jina la kikosi chao limebaki kwenye mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Hao wengi wao hawana jiwe wala jina. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ardhi ya kuwazika ilikuwapo. Ila viongozi wa wakati ule waliona hawa hawana haja ya kuandikwa. Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ni ya watu wote hao, na kwa hivyo haina jina la yeyote.

Sasa hiyo Marekani ya ndugu yako. Hakukudanganya. Wana makaburi ya taifa tangu vita vyao wenyewe kwa wenyewe, na Arlington, yanayojulikana kuliko yote, yalianza 1864. Lakini nchi ni kubwa na makaburi ya taifa hayakuwa karibu na kila mtu. Mwaka 1978 wakapitisha sheria: serikali kuu itoe ruzuku ya ujenzi, na jimbo litoe ardhi, liajiri watu na kuyaendesha. Mwanzoni waligawana gharama, baadaye, kwa sheria ya 1998, serikali kuu ikakubali kubeba ujenzi wote. Kipimo wanachokitumia ni maili 75, kama kilomita 120: askari mstaafu awe na mahali pa kuzikwa ndani ya umbali huo kutoka nyumbani kwake. Aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha haingii. Askari mwenyewe hatozwi kuchimbiwa kaburi wala jiwe. Mke au mume naye ana haki ya kuzikwa hapo, ingawa makaburi ya majimbo huweza kumtoza ada, na mara nyingi wawili hao huwekwa kaburi moja, mmoja juu ya mwengine.

Hilo la kuwaweka wawili kaburi moja halituhusu. Na kilomita 120 zao ni za gari na lami. Kutoka Unguja kwenda Pemba ni kama kilomita 50 tu, lakini ni za bahari ya Mkondo. Mtu akifa Micheweni saa nne za asubuhi, wenyewe wanataka awe kaburini kabla ya Magharibi. Nani atamshusha mpaka bandari ya Mkoani, angojee boti ya kesho, ampeleke akazikwe Unguja kati ya watu ambao hata hawakumjua? Hata tukijengewa marumaru, Wapemba hawatawaleta wazee wao, na sitawalaumu.

Tena watazame viongozi wetu. Mzee Karume yuko Kisiwandui tangu 1972, na kila tarehe 7 Aprili anasomewa hitma. Mzee Jumbe alizikwa Migombani mwaka 2016. Maalim Seif mwaka 2021 alirudishwa kwao Mtambwe. Mzee Mwinyi, aliyekuwa Rais wa nchi nzima, mwaka 2024 alizikwa Mangapwani. Kila mtu na mahali pake. Hata wale askari 14 wa Tanzania waliouawa usiku wa tarehe 7 Disemba 2017 kule Semuliki, Kongo, wakilinda amani, walioagwa pamoja Dar es Salaam, waliokuwa wa visiwani walirudishwa visiwani. Ndivyo tulivyo, na makaburi ya Serikali yatakayokuja kutubishia katika hili yatabaki matupu.

Basi kiwanja kiwe cha nani? Kiwe cha asiye na pa kulala, na hao wapo. Yupo aliyestaafu akabaki kupanga chumba Kwahani, mke ameshafariki, watoto wametawanyika Oman na Dar es Salaam. Yupo aliyekuja na kikosi kutoka Tabora, akaoa hapa, akakatika na kwao. Hawa wakifa, majirani huchangishana sanda na mbao, wakazikwa Mwanakwerekwe palipobaki nafasi, na baada ya miaka mitatu hakuna anayejua ni wapi. Nimewazika wawili kwa mikono yangu. Wa pili nilikwenda kumzuru mwaka uliofuata, nikazunguka kutwa nisimwone. Kwa watu kama hao nataka kiwanja kidogo kimoja Unguja na kimoja Pemba. Vidogo, nasisitiza. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 juu ya visiwa ambavyo havirefuki. Atakayekwenda kuomba mashamba mapana kwa ajili ya makaburi ya fahari atanyimwa, na wakulima watakuwa na haki ya kumkatalia.

Ukiuliza ni Serikali ipi ifanye kazi hii, hapo ndipo mambo yanapokwamia. Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964. Ardhi ya Zanzibar si jambo la Muungano, iko mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi. Askari ni wa huku na kule, shimo ni la huku tu. Nimekwenda na suala hili katika ofisi za pande zote mbili, na kila upande ulinielekeza kwa mwenzake kwa adabu kabisa. Kama ningeruhusiwa kusema mbele ya wakubwa ningewaambia mgawanyo wa majimbo ya Marekani unatufaa katika hili peke yake: mwenye jeshi atoe fedha na daftari, mwenye ardhi atoe kiwanja na wafanyakazi, na waandikiane mkataba mmoja. Kamisheni ya Wakfu iwemo ndani ya mkataba huo, kwa sababu nitakayoieleza.

Makaburi hayafi siku ya kuzinduliwa. Yanakufa mwaka wa nne, bajeti inapokosa fungu la fyekeo. Wazee wetu walilijua hilo zamani. Mtu akijenga msikiti aliuwekea wakfu wa minazi au mikarafuu, mafuta ya taa na mikeka vikatoka humo bila kumwomba mtu. Pemba yenu ni nchi ya karafuu. Mikarafuu 50 iliyowekwa wakfu kwa ajili ya makaburi, yenye msimamizi anayetoa hesabu mbele ya watu kila baada ya msimu, naiamini kuliko ahadi ya jukwaani.

Na huyo askari ni nani? Hili watalikimbilia mwisho, mimi nalitaka mwanzo. Mwaka 1979 jeshi letu lilipanuka likapita watu 100,000, kwa kuingizwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita tarehe 2 Novemba 1978 hakuuliza nani ana mkataba wa kudumu. Vita vilipokwisha, mgambo wengi walirudi makondeni bila pensheni, pengine bila hata karatasi. Baba yako alikuwa mmoja wao. Daftari likiandikwa kwa kufuata orodha ya wanaolipwa pensheni tu, hatakuwemo. Kwa hiyo lifunguliwe shehia kwa shehia: sheha akae na wazee, aulize nani hapa alikwenda, wenzake walio hai washuhudie, liandikwe jina kamili mpaka la babu, na lisomwe kwa sauti mbele ya ukoo kabla halijapigwa mhuri. Waliokwenda Msumbiji waandikwe, waliokwenda Anjouan mwaka 2008 waandikwe, walioanguka Darfur na Kongo waandikwe. Na wanawake waandikwe. Wauguzi na wapiga simu wa jeshi tulikuwa nao, na kila orodha ninayoiona inawasahau.

Wazee hao wanakwisha. Katika barza yetu mwaka 2000 tulikuwa kumi na mmoja waliofika Uganda. Sasa tuko wanne, na mmoja haoni.

Wewe usingoje Serikali. Kwanza kaburi: kabla masika haijaingia, mwende na vijana mjazie udongo pale lilipotitia. Udongo wenu wa Wete ni mwekundu na laini, huzama kila mwaka. Si kama Makunduchi, ambako kaburi huchimbwa kwa mtaimbo kwenye mawe na likishachimbwa halisogei tena. Msilitie saruji, wala msijenge juu yake. Hilo limekatazwa na halimfai maiti. Lakini jiwe la kichwani ni sunna: Mtume aliweka jiwe kwa mkono wake kichwani kwa Uthman bin Madh'un ili kaburi lake litambulike, azikwe karibu naye atakayekufa katika watu wake. Jiwe la jina linatosha. Andikeni jina, mwaka wa kufariki, na chini yake neno moja: Kagera 1979.

Halafu tafuta mashahidi. Muulize mama yako, baba alipokuwa akisimulia vita alikuwa akitaja majina gani, maana askari akisahau kila kitu hasahau aliyelala naye handaki moja. Ukipata wawili walio hai, wapeleke kwa sheha, waseme, iandikwe na kutiwa saini. Piga nakala ya ile picha ya kofia ya chuma, nyuma yake andika alipozaliwa. Ukiwa na hivyo, nenda kambi ya jeshi iliyo karibu, kwenu ni Vitongoji, uombe waulize masjala ya makao makuu kama pana kumbukumbu ya mgambo wa mwaka ule kutoka wilaya yenu. Nenda na nakala, asili ibaki nyumbani. Na nakala moja niletee mimi.

SUALI

Mzee, mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Iringa, nilistaafu jeshi nikiwa kambi ya Unguja nikabaki hapa. Nikisikia mazungumzo haya ya makaburi ya askari Zanzibar najiuliza kama na mimi nitakuwamo.

Mstaafu, Kianga

JAWABU

Utakuwamo, ndugu yangu, au nitapinga kiwanja chote. Pale Kaboya hakuna aliyeulizwa dini kabla ya kuingizwa. Waislamu watataka upande wao uelekee kibla na mazishi yao yawe kwa desturi yao, nanyi mtakuwa na upande wenu na msalaba wenu, uzio mmoja, lango moja, mfanyakazi mmoja wa kufyeka pande zote mbili. Wakati wa vita nilikunywa maji ya chupa yako, au ya mwenzako, sikumbuki tena. Andika leo jina lako na la mtu wa kupigiwa simu, uliache kwa sheha na kwa padri wako.

SUALI

Shikamoo Babu. Baba yangu alikuwa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, miaka 28 baharini. Watu wanasema KMKM na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) si jeshi, ni idara maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa hiyo hawahusiki na makaburi ya askari. Ni kweli?

Binti wa Kibweni

JAWABU

Marahaba, mjukuu wangu. Kwa karatasi, ni kweli kwamba vikosi vile ni vya Serikali ya Mapinduzi na si sehemu ya Jeshi la Wananchi. Lakini kama ardhi itatoka SMZ, sioni SMZ itakavyowafungia mlango watu wake yenyewe. Usiku ule wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi, KMKM walikuwa baharini wakiokota watu walio hai na maiti. Mtu wa kazi kama hiyo simwiti raia wa kawaida. Kama baba bado yu hai, muulize anataka alazwe wapi, na ukijibiwa, andika tarehe aliyokujibu.

Mwalimu wa Wete, narudi kwako. Nimekata tiketi ya boti ya Jumatano ijayo. Nitashuka Mkoani, nitalala Chake kwa mpwa wangu, Alkhamisi asubuhi nitakuwa Wete inshaallah. Jiwe mlichonge lakini herufi msizitie bado. Nataka kukaa na mama yako, aniambie jina la babu wa marehemu kwa mdomo wake, nilisikie linavyotamkwa, nami niliandike kwa mkono kwenye karatasi na alitazame kabla fundi hajaanza.